Jibu: Puti kutoa malengelenge baada ya rangi

Mkuu, umeuliza kwa nini puti (lipu ya kujazia mabonde ya bati la gari) ya chini ya mlango imevimba miezi miwili tu baada ya rangi, na gari linalala Raskazone, kando ya bahari Tanga. Hapo kuna maji chini ya rangi. Puti hunyonya maji kama sifongo. Fundi akiipiga msasa wa maji, au ikiachwa wazi usiku kwa hewa ya bahari ya Tanga, unyevu unafika kwenye bati na kutu inaanza upya.

Bandua puti yote mpaka bati jeupe. Vitundu vyeusi vya kutu vikibaki, hata kimoja, usiendelee. Bati likitoboka, chomelea kiraka; puti si bati. Futa kwa thina (kizimua rangi), kisha paka praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kukinga bati, siku hiyohiyo.

Hadna, dawa ya kukausha puti, ni gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Ukizidisha, doa linajitokeza juu ya rangi. Ukipunguza, inabaki laini na kuziba msasa. Koroga mpaka michirizi ya rangi ya hadna iishe. Paka nyembamba nyembamba, jumla isizidi milimita 3.

Msasa uwe mkavu: namba 80, 180, kisha 320 kingoni. Halafu praima ya kuchanganya na hadna, mikono (matabaka) miwili au mitatu, ukisubiri dakika 10 kila mkono. Praima ya thina tupu, isiyo na hadna, inasinyaa na mikwaruzo inarudi kuonekana. Praima ikikauka kabisa, ndipo utumie maji, na msasa namba 600.