Re: Mvua itakata mrushio wangu wa gigahezi 23?

Mkuu, umeuliza utajuaje mapema kama mvua za Mbeya zitaukata mrushio wako (kiungo cha redio kati ya antena mbili) wa kilomita 4 hapo Uyole. Achana kabisa na wastani wa mvua wa mwaka! Kinachoua mawimbi ni ukali wake kwa saa: tafuta kiwango kinachozidiwa asilimia 0.01 tu ya mwaka, yaani kama dakika 53. Kikiwa milimita 60 kwa saa, mawimbi ya gigahezi 23 hupoteza takriban desibeli 8 (kipimo cha kufifia kwa mawimbi) kila kilomita. Usizidishe kwa 4 lakini. Mvua kubwa haimwagiki sawasawa njia nzima, na kwa kanuni P.530 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, njia yako ya kuzidishia inabaki kama kilomita 3. Antena zifunge kwa mawimbi ya wima, yaani yanayotikisika juu na chini, si kando kwa kando: matone makubwa hubonyea yakawa mapana, hivyo mawimbi ya mlalo huumia zaidi.