Wakaguzi wakija, mnapaka rangi?

Swali mlilolichangamkia tangu juzi ni hili: hizo nyumba za wazee mnakofanyia kazi huko Uingereza, kuna mtu anazikagua kweli, au ni yale yale ya mgeni anakuja, ukuta unapakwa rangi, akiondoka mambo yanarudi palepale? Nawajibu kama kea, yaani mhudumu wa wazee, anayeingia zamu humo, si kama msemaji wa serikali yao.

Kwa England mkaguzi ni Care Quality Commission, wenyewe tunasema CQC tu. Scotland na Wales wana wa kwao. Kila nyumba ya England lazima isajiliwe CQC, na wakija wanatazama mambo matano: usalama wa wazee, kama huduma inaleta matokeo, kama watu wanatendewa kwa utu, kama mahitaji ya kila mmoja yanasikilizwa, na uongozi. Nyumba inapewa daraja moja kati ya manne, na sheria inailazimisha kulibandika panapoonekana.

Kuhusu rangi: mara nyingi wanakuja kwa kushtukiza. Asubuhi mko kwenye kugawa dawa, kengele ya mlango inalia, watu wanaonyesha vitambulisho. Rangi pekee inayobadilika muda huo ni ya meneja.

Mmoja anakwenda kwenye kabati la dawa, anafungua daftari la mofini na dawa nyingine kali zinazodhibitiwa, anahesabu kilichopo na kulinganisha na kilichoandikwa. Mwingine anachukua fomu za kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza kitandani, maana asipogeuzwa anapata vidonda. Fomu ikionyesha saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 za usiku, kalamu moja, mwandiko mmoja, bila dakika hata moja kupishana, mkaguzi mzoefu anajua imejazwa alfajiri kwa mkupuo. Zamu ya usiku haiendi hivyo, kuna aliyeanguka, kuna kengele mbili zilizolia pamoja. Kisha anaingia chumbani kujionea. Maji yako mezani, sawa, lakini mkono wa bibi unayafikia? Kengele ya kuita iko pembeni yake, au inaning'inia ukutani nyuma ya kichwa?

Kuna jambo moja wanalofanya ambalo nalipa uzito kuliko makaratasi yote. Wazee wengi wana dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hawawezi kukusimulia jana waliogeshwa vipi. Basi mkaguzi anakaa kona ya sebule, anatulia, anaandika anachokiona kadiri muda unavyokwenda: huyu amechangamka, huyu amejikunyata, huyu kea kampita bila kumsemesha, yule kafutwa mdomo kimyakimya kama meza. Mbinu hiyo CQC waliitengeneza pamoja na Chuo Kikuu cha Bradford. Hapo hakuna maigizo yanayosaidia. Sisi tunaweza kuvaa tabasamu la siku moja, lakini mzee aliyezoea kuvutwavutwa atashtuka ukimgusa, hata awepo mkaguzi.

Upande wa pili nao muusikie. Daraja linaeleza hali waliyoikuta walipokuja, na pengine walikuja zamani. Mwaka 2024 Dkt. Penny Dash aliitathmini CQC yenyewe kwa niaba ya serikali, akakuta kaguzi zimepungua na baadhi ya sehemu zimekaa miaka kadhaa bila kukaguliwa upya. Waziri wa Afya wa wakati huo, Wes Streeting, akasema hadharani kwamba chombo hicho hakifai kwa kazi yake. Kwa hiyo ukiona daraja la "Nzuri", tafuta tarehe, kisha soma ripoti nzima. Zote ziko wazi kwenye tovuti yao.

Halafu kuna sisi wenye viza ya udhamini, ile inayomtegemea mwajiri. Mkaguzi anakuvuta pembeni: usiku mnakuwa wangapi? Anayepanga zamu zako ni meneja, anayekushikia viza ni kampuni, na udhamini ukikatwa kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kufungasha. Nimeshuhudia watu wanajibu "tunatosha" macho yakiwa sakafuni. Siwalaumu, maana mkaguzi hana mamlaka juu ya viza ya mtu. Ila CQC wanapokea taarifa hata usipotaja jina, na hilo wageni wengi hawaambiwi wanapoanza kazi. Mimi silaha yangu ni fomu. Kama saa 8 usiku mzee hakugeuzwa, naandika hakugeuzwa, na naandika tulikuwa wangapi. Meneja hapendi. Lakini karatasi inabaki, na siku wakija wataisoma.

Sasa yule mdogo wetu aliyetumiwa ofa ya kuwa kea na anaombwa ada ya wakala: asitoe hata senti. Kuajiri makea kutoka nje ya nchi kulifungwa Julai 22, 2025, na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, mwajiri wa England aliyetaka kudhamini kea ilibidi awe amesajiliwa CQC. Jina la nyumba alilonitumia nimelitafuta kwenye orodha yao, halipo. Nesi aliyesomea ana njia yake, hiyo bado ipo; mwenye cheti cha unesi anitafute tuongee.