Cheti cha jina la biashara hakikulindii chapa

SWALI: Nauza sosi ya pilipili na achari ya maembe, Mbeya na Dar es Salaam, kwa jina "Kali ya Bibi". Jina la biashara nilisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, miaka minne iliyopita. Juzi nimeambiwa kuna mtu ameomba alama ya biashara kwa jina hilohilo na tangazo limeshatoka kwenye jarida la alama za biashara. Cheti changu si kinatosha kumzuia? Halafu kuna kijana anasema kwa laki tano atanipatia "alama ya dunia nzima" ndani ya siku tatu.

JIBU: Hakitoshi. Leo hii litafute hilo jarida uone tarehe ya tangazo. Una siku 60 za kuweka pingamizi kwa Msajili wa alama, pale BRELA, na zinahesabiwa tangu tangazo lilipotoka, hata kama wewe umesikia juzi. Zikiisha kimya, mwenzako atasajiliwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha atahuisha kila miaka 10. Hapo utabaki kuomba alama yake ifutwe kwenye daftari, kazi ndefu na ya gharama.

Kwenye pingamizi utatakiwa kuonyesha kwamba wateja waliijua "Kali ya Bibi" kuwa yako kabla yeye hajaomba. Risiti za EFD zilizoandikwa "bidhaa mchanganyiko" hazitakusaidia, maana jina halimo. Tafuta ankara ya mchapaji wa lebo yenye tarehe, lebo yenyewe, hati za kupeleka mzigo madukani zilizosainiwa, na picha za rafuni ambazo tarehe yake inathibitika.

Sasa hili la cheti, ambalo naulizwa karibu kila wiki. Jina la biashara linasajiliwa chini ya Sura ya 213 ya Sheria za Tanzania, ili benki, TRA na anayekudai wajue nyuma ya duka yuko nani. Alama ya biashara iko chini ya Sura ya 326, na hiyo ndiyo inayompa mtu haki ya kuwazuia wengine kuitumia kwenye bidhaa za aina ile. Kwa kuwa yote mawili yanaombwa BRELA, tena kwenye mfumo uleule wa mtandaoni, ORS, watu wanadhani ukilipa moja umelipa yote. Wengine huniletea cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, cha mchoro wa nembo; hicho kinahusu mchoro, neno "Kali ya Bibi" kikaliacha wazi. Msimbopau nao ni wa kuitambulisha bidhaa kwenye mashine ya dukani. Alama ya TBS inazungumzia ubora. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokumilikisha jina.

Vishoka, mawakala wasio rasmi kama huyo kijana wa laki tano, wanakula hapohapo. Kishoka anafungua akaunti kwa barua pepe yake, kwa hiyo Msajili akiandika hoja ya kujibiwa, barua inamfikia yeye, naye ameshabadilisha namba ya simu. Mbaya zaidi ni yule anayejiandika mwenyewe kuwa mwombaji: alama ikipita, kisheria ni yake. Tena kishoka hayajui madaraja, yaani makundi ambayo bidhaa hugawanywa wakati wa kuomba alama. Sosi ya pilipili iko daraja la 30, achari ya maembe iko daraja la 29. Anayeombewa la 30 peke yake ameacha nusu ya mzigo wake nje. Tena orodha yenyewe hubadilika: toleo la 13 la uainishaji wa Nice, orodha ya kimataifa ya madaraja hayo, limeanza 1 Januari 2026, na miwani, kwa mfano, imehama daraja la 9 kwenda la 10. Anayenakili orodha ya mteja wa zamani anakuuzia kosa. Kosa jingine ni kuomba nembo tu, yenye rangi na mwandiko wake wa madoido. Omba maneno kwa herufi za kawaida kwanza. Lebo utaibadilisha mara tatu, maneno yatabaki.

"Alama ya dunia nzima" haipo. Haipo hata ya Afrika Mashariki nzima. Cheti cha BRELA hakivuki bahari: Zanzibar unaomba upya kwa wakala wa usajili wa huko, BPRA. Kenya unaomba KIPI, taasisi yao ya mali ya viwanda, na ukiwahi ndani ya miezi 6 tangu ulipoomba hapa, Mkataba wa Paris, wa kimataifa wa mali ya viwanda, unakuruhusu kudai tarehe yako ya kwanza. Na kwa siku tatu, hata hapa nyumbani haiwezekani, kwa sababu zile siku 60 za pingamizi hazifupishwi kwa pesa.

Ukishaomba ya kwako na ikatangazwa, anwani yako itakuwa hadharani. Zitaanza kuja ankara zenye nembo za kuvutia na majina yanayofanana na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, zikidai mamia ya dola za "usajili wa kimataifa". Usilipe. Ada ya BRELA inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali inayotoka ndani ya akaunti yako ya ORS, si kwa akaunti ya benki iliyoandikwa kwenye barua.