Barua kwa Binti Yangu: Majina Walipewa, Lugha Walinyimwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Muscat imetufikia salama, na mimi na mama yako tumefurahi kusikia kwamba u mzima na kwamba kazi ya wodini umekwisha kuizoea. Umeniuliza jambo ambalo mwalimu wa historia, hata akiwa amestaafu, hawezi kulipita kimya. Umeeleza kwamba muuguzi mwenzako Mfilipino unayekaa naye chumba kimoja ana jina la ukoo la Kihispania, husali rozari kila jioni, na amekusimulia kwamba katika mji wa Oas, mkoani Albay, walikotoka wazee wake, majina ya koo za zamani huanza kwa herufi R. Lakini ulipomuuliza kama anajua Kihispania, alikujibu kwamba hajui, wala bibi yake hakukijua. Ndipo ukauliza: inawezekanaje watu watawaliwe na Hispania kwa zaidi ya miaka 300, wachukue dini na majina, kisha lugha ya mtawala isiwakae midomoni? Na maisha yao chini ya utawala huo yalikuwaje?

Nitakupa jibu langu kwanza, kisha nilieleze. Majina walipewa kwa sababu yaliwarahisishia watawala kazi ya kutoza kodi. Lugha walinyimwa kwa sababu ingewawezesha kudai haki zao. Mambo hayo mawili yalitoka katika akili moja ya kutawala.

Nianze na Magellan, baharia aliyewafikisha Wahispania visiwani humo, kwa kuwa njia yake ilipita hata kwetu. Kabla hajaitumikia Hispania alikuwa mtu wa Ureno, na mwaka 1505 alisafiri katika msafara wa Francisco de Almeida, ule ule ulioivamia Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Alipofika visiwa vya Ufilipino mwaka 1521 aliuawa katika kisiwa cha Mactan na watu wa Lapulapu, mkuu wa huko, na Wahispania hawakupata makao ya kudumu mpaka Miguel López de Legazpi alipotua Cebu mwaka 1565 na kuitwaa Manila mwaka 1571. Hawakukuta dola moja huko. Walikuta jumuiya ndogondogo zilizoitwa barangay, kila moja na mkuu wake aliyeitwa datu, na Manila yenyewe ilikuwa mikononi mwa watawala Waislamu. Usisahau pia kwamba masultani wa Sulu na Maguindanao, huko kusini, waliendelea kupigana na Hispania karibu muda wote wa utawala wake, na watu wa milima ya Cordillera hawakutiishwa kikamilifu; kwa hiyo ninaposema Wafilipino walitawaliwa hivi au vile, nazungumzia zaidi watu wa nyanda na pwani za Luzon, kisiwa kikubwa cha kaskazini, na Visayas, visiwa vya katikati.

Tatizo la mtawala lilikuwa umbali na uchache wa watu wake. Hadi mwaka 1821 visiwa hivyo viliendeshwa kupitia Meksiko, na merikebu za Manila na Acapulco, zilizosafiri tangu 1565 hadi 1815, ndizo zilizobeba fedha, hariri, barua na amri, hata shauri lililopelekwa kwa mfalme liliweza kuchukua zaidi ya mwaka kabla ya jibu kurudi. Gavana Mkuu aliyekaa Manila alikuwa kiongozi wa serikali na wa majeshi kwa wakati mmoja. Mikoani aliwakilishwa na ofisa aliyeitwa alcalde mayor, ambaye alisimamia kodi, akaamua kesi, na mpaka mwaka 1844 aliweza kupata kibali cha kufanya biashara katika mkoa uleule aliokuwa akiutawala. Hebu litafakari hilo, mwanangu: mtu anayekuhukumu ndiye anayekununulia mpunga wako, na bei anaipanga yeye. Sioni ni mahakama gani ambayo mkulima angeweza kuikimbilia.

Chini ya ofisa huyo, Wahispania hawakuwaondoa madatu bali waliwageuza. Datu akawa cabeza de barangay, mkusanyaji wa kodi kwa familia kama 40 au 50, naye pamoja na mwanawe mkubwa wakasamehewa kodi na kazi za shuruti. Kiasi cha kodi kilichopungua alitakiwa akifidie kwa mali yake. Hali yake ilifanana sana na ya majumbe wa kwetu wakati wa Wajerumani: alikuwa mtu wa watu kwa kuzaliwa, na mtu wa serikali kwa kazi. Baadhi yao walifilisika kwa sababu ya cheo hicho, lakini wengine walijua namna ya kujinufaisha, wakajikusanyia mashamba ya jirani walioshindwa kulipa madeni, na kutoka koo hizo kukazaliwa tabaka la wakubwa wa miji ambalo uzito wake katika siasa za Ufilipino haukwisha hata baada ya Hispania kuondoka.

Watu wa kawaida walibeba mizigo miwili mikubwa. Wa kwanza ulikuwa kodi ya kichwa, iliyolipwa kwa fedha au kwa mazao, na wa pili ulikuwa shokoa iliyoitwa polo, ambayo ilimtaka kila mwanamume wa miaka 16 hadi 60 afanye kazi ya serikali siku 40 kwa mwaka, hadi zilipopunguzwa kuwa 15 mwaka 1884. Mwenye fedha aliweza kulipa ili asiende. Asiye nazo alipelekwa milimani kukata magogo ya kuundia merikebu, akayaburuta hadi pwani, na mara nyingi posho ya mchele aliyoahidiwa ilichelewa au haikufika kabisa. Mwaka 1649 amri ilipotolewa kwamba watu wa Visayas wapelekwe mbali na kwao, kwenye karakana za meli za Cavite, jirani na Manila, watu wa Palapag katika kisiwa cha Samar waliasi wakiongozwa na Juan Ponce Sumuroy, na uasi huo ukaenea katika visiwa vingine kabla haujazimwa. Tangu miaka ya 1780 ukaja ukiritimba wa tumbaku, uliodumu mpaka 1882, ambapo mkulima wa bonde la Cagayan alilazimishwa kulima tumbaku na kuiuzia serikali peke yake, na hata malipo yake yalicheleweshwa.

Lakini aliyemtawala Mfilipino siku kwa siku alikuwa padri. Katika miji mingi Mhispania pekee aliyeonekana mwaka mzima alikuwa padri mtawa wa Kiagustino, Kifransisko, Kidominiko au Kirekoleto. Watu waliokuwa wametawanyika katika mashamba yao walikusanywa wakae karibu na kanisa, mahali ambapo kengele ingesikika. Padri alishika rejista ya ubatizo, ya ndoa na ya mazishi, na kufikia karne ya 19 alikuwa pia mkaguzi wa shule, msimamizi wa uchaguzi wa viongozi wa mji, mhakiki wa orodha za kodi, na mtu ambaye neno lake kuhusu mwenendo wako liliweza kukupeleka uhamishoni. Sikatai kwamba wapo waliojenga madaraja, wakatunza wagonjwa na kuandika kamusi za lugha za wenyeji kwa bidii kubwa. Ila mamlaka ya aina hiyo mikononi mwa mtu mmoja huzaa dhuluma hata pale moyo wa mtu si mbaya. Katika kisiwa cha Bohol, mwaka 1744, padri alikataa kumzika kwa taratibu za Kanisa ndugu yake Francisco Dagohoy. Dagohoy akapanda milimani na maelfu ya watu, na jamii hiyo ya waasi ikaishi huru mpaka mwaka 1829, miaka 85.

Sasa nije kwenye majina. Watu wengi walikuwa na jina la ubatizo tu, au walijiongezea de la Cruz na de los Santos, hata mji mmoja ukawa na watu chungu nzima wenye jina lilelile. Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Mkuu Narciso Clavería aliamuru kila familia iwe na jina la ukoo la kudumu, na kitabu cha majina yaliyopangwa kwa alfabeti kikatayarishwa, kikiwa na majina ya Kihispania pamoja na maneno ya wenyeji. Kurasa za kitabu hicho ziligawanywa kwa mikoa, mikoa ikaigawia miji, na katika kila mji wakuu wa familia wakachagua kutoka katika ukurasa waliopewa. Oas ilipata herufi R. Agizo lenyewe halikuficha shabaha yake: bila majina ya kudumu kodi ilikwepeka na mtu aliyehama hakufuatika. Hicho ndicho chanzo cha kile alichokusimulia mwenzako.

Lugha ilifuata njia nyingine. Wafalme waliwahi kuagiza mara kadhaa kwamba wenyeji wafundishwe Kihispania, na amri ya mwaka 1863 ilitaka kila mji uwe na shule ya wavulana na ya wasichana, masomo yakiwa kwa Kihispania. Mapadri waliosimamia shule hizo, wengi wao, hawakulitaka jambo hilo, kwa sababu waliokuwa wakisimama kati ya serikali na watu ni wao, na mtu anayeweza kumwandikia gavana mwenyewe hana haja ya msemaji. Kisa kimoja nataka ukisome kwa makini kwa kuwa kinahusu wasichana wa umri wako. Desemba 1888, huko Malolos, wanawake 20 walimkabidhi Gavana Mkuu Weyler barua wakiomba waruhusiwe kufungua shule ya usiku ili wajifunze Kihispania. Padri wa parokia akapinga, na ombi likakataliwa. Hawakunyamaza, na mwaka uliofuata wakaruhusiwa kwa masharti kwamba walipie gharama wenyewe na wasome mchana. Shule ilidumu miezi michache tu. Serikali inayoogopa wanawake 20 wenye madaftari inajijua ilivyo.

Ubaguzi huo uliwafikia hata mapadri wazalendo, ambao walinyimwa parokia ili zishikwe na watawa wa Kihispania. Baada ya maasi ya askari na wafanyakazi wa Cavite mwaka 1872, mapadri watatu, Mariano Gomez, José Burgos na Jacinto Zamora, walihukumiwa kwa ushahidi dhaifu na kunyongwa Manila tarehe 17 Februari. José Rizal, ambaye baadaye angekuwa mwandishi na shujaa wa taifa la Ufilipino, wakati huo alikuwa na umri wa miaka 10. Baadaye familia yake, iliyopanga ardhi ya Wadominiko huko Calamba, iligoma pamoja na wapangaji wengine kulipa kodi za shamba zilizokuwa zikipanda. Wakashindwa mahakamani, na kati ya 1890 na 1891 wakafukuzwa na askari, na nyumba zikabomolewa. Rizal aliomba mageuzi kwa kalamu na alipigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896. Miezi michache kabla ya hapo watu wa Andrés Bonifacio, kiongozi wa waasi dhidi ya Hispania, walikuwa wamekwisha kuchana vyeti vyao vya kodi na kushika mapanga.

Uhuru ulitangazwa Kawit tarehe 12 Juni 1898, lakini Desemba ya mwaka huo Hispania iliviuza visiwa kwa Marekani kwa dola milioni 20. Wamarekani, huku wakipigana na Wafilipino hao hao, waliwaletea mwaka 1901 mamia ya walimu na kufungua shule za umma kwa Kiingereza, na Kihispania, kilichokuwa kimebaki kwa wachache wenye elimu, kikafifia. Mashamba ya mapadri yalinunuliwa na serikali mpya ili yauzwe kwa wapangaji, ila sehemu kubwa iliishia kwa waliokuwa na uwezo wa kulipa. Ukipata wasaa, muulize mwenzako kama wazee wake wa Oas walikuwa wakusanya kodi au watozwaji, na kama walilima ardhi yao au ya mtu mwingine, kisha uniandikie atakachokujibu.

Mama yako anakusalimu sana, na wadogo zako pia.

Ni mimi,
Baba yako