Ukiambiwa "Lipa Kwanza", Uliza Imeandikwa Wapi

Juma lililopita msomaji mmoja wa Ukunda aliniandikia. Aliingia na mumewe mkahawa wa ufuoni, wakaambiwa walipe kwanza ndipo chakula kipikwe. Wazungu wa meza ya pili washakula, wako kwenye kahawa, na bili hata haijaletwa. "Kaka, ningefanyaje?"

Dada, mimi lilinikuta upande wa Nyali, siku niliyomtoa mamangu baada ya kupata tenda ya kushona sare za shule. Mnaonisoma hapa ni watafutaji kama mimi, mwajua tenda ya kwanza inavyosakwa. Nikasema leo mama atakula penye kitambaa mezani. Mama akavaa buibui jipya, akajifukiza udi.

Kijana wa mlangoni akatutazama kuanzia viatuni, akasema meza za upande wa bahari zina watu wake. Tukaketishwa karibu na jikoni, pale weita kila akipita sinia lakupitia sikioni. Muda si muda wakaingia wageni wawili, kaptula na kandambili za mchanga, wakapelekwa moja kwa moja baharini. Hawakuulizwa kama waliweka nafasi. Nilikuwa nasikiliza.

Kilichoniuma zaidi ni weita wetu, mtoto wa kwetu kabisa, lafudhi ya Kisauni, kumwinamia mama na kumwambia, "Mama, huku bei ziko juu, mwajua?"

"Mwanangu, kusoma najua," mama akamjibu. Jibu hilo nalisimulia kila harusi.

Nikamwita meneja. Sauti sikupaza. Nikamuuliza: hii kanuni ya meza ni ya kila mtu au ni yetu sisi? Nionyeshe ilipoandikwa. Akatafuta maneno, akayakosa, tukahamishwa. Samaki wa kupaka mwenyewe, niseme kweli, tui lilikuwa maji matupu.

Basi ushauri wangu ni huo: ifanye kanuni itamkwe, kwa utulivu, mbele ya watu. Ubaguzi wa mikahawani huishi kwa kunong'onezwa. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, haiifungi serikali peke yake. Yamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake kwa rangi, kabila, dini, hata mavazi. Ndiyo, buibui limo.

Risiti usiiache mezani. Ina tarehe, saa, mara nyingi na jina la aliyekuhudumia. Tena itazame: VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2, sawasawa na ya yule wa kaptula.

Na msidhani kelele hazifiki popote. Mwaka 2015, mkahawa mmoja wa Kilimani, Nairobi, ulisemwa unawazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Watu walipokuja juu, wakaguzi wakaenda, wakakuta leseni zina kasoro, ukafungwa.

Nanyi mnaohudumu, wadogo zangu, hiyo bakshishi mnayoivizia kwa mgeni hata sisi twatoa. Mtu akija na mamake, mwamkieni kwanza.

Dada wa Ukunda, andika leo kabla hujasahau: saa, meza, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Barua ipeleke Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, nakala kwa mwenye mkahawa. Meneja mruke.