Muulize Fundi wa Piano: Kinanda kinachojipiga, na babu aliyekataa kusikiliza

Barua za mwezi huu nimezisoma mikono ikiwa imejaa vumbi, maana wiki nzima nimekuwa ndani ya piano ya shule moja huku Eastlands. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mashine ikipiga muziki, nani amepiga? Nitajibu kwa kadiri ya uzoefu wangu. Mimi ni fundi, si mwalimu wa chuo.

Fundi, hujambo. Mume wangu alinunua piano kuukuu kwenye mnada wa vitu vya nyumbani kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko meza ya chakula. Pale mbele, juu ya vibonyezo, kuna vijimlango viwili vya kusukuma pembeni, na nyuma yake ufito wa shaba wenye matundu madogo madogo. Chini kuna kanyagio mbili pana kama za cherehani. Jirani anasema ilikuwa ya umeme ikaungua. Ni kitu gani hiki? – Msomaji wa Kilimani

Dada, mwambie jirani autafute huo waya wa umeme. Hataupata. Mmenunua pianola, yaani piano inayosoma karatasi, na kama haijaliwa na mchwa basi mume wako ana bahati kuliko anavyojua.

Inafanya kazi hivi. Ukikanyaga, mivukuto iliyo ndani inanyonya hewa. Wengi hudhani inapuliza. Hapana, inanyonya. Gombo la karatasi lenye matundu linapita juu ya ule ufito wa shaba. Tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba, hewa ya chumbani inapenya, kivukuto kidogo cha noti ile kinajikunja ghafla, na nyundo inapiga waya. Basi. Hakuna uchawi wala betri. Mmarekani Edwin Votey alitengeneza ya kwanza mwaka 1895 nyumbani kwake Detroit, na ile haikuwa ndani ya piano. Ilikuwa kabati linalosukumwa hadi mbele ya piano yoyote, lenye vidole vya mbao vilivyovishwa feliti, yaani kitambaa kizito cha sufu, likabonyeza kama mtu. Baadaye ndipo mitambo ikahamishiwa ndani, kama ilivyo yako.

Hesabu matundu ya ufito. Ukipata 65, una ya zamani, na magombo yake ni adimu. Ukipata 88, na pengine machache ya ziada pembeni, shukuru: mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo, Marekani, wakakubaliana kipimo kimoja, na magombo ya kipimo hicho bado yanapatikana ng'ambo.

Pianola ya kwanza niliiona nikiwa bado nabeba masanduku ya vifaa vya mzee wa Kigoa aliyekuwa na karakana Ngara. Hakuanza kwa kukanyaga. Aliomba mashine ya kufyonza vumbi ya mwenye nyumba, akaifunga bomba lake kwenye mrija mkuu wa hewa, akafungua nguvu kidogo tu, kisha akaweka gombo. Ilitoa noti moja ya besi, ikakohoa vumbi, ikanyamaza. Alicheka mpaka akaketi. Tulipofungua, kitambaa cha mpira kilichofunika mivukuto kilikuwa kikavu kama chapati ya juzi, ukikikunja kinavunjika. Tulikitoa chote, kipande kwa kipande, na kazi ilituchukua miezi.

Kwa hiyo, dada, fanya hivi: mlete fundi autyuni upande wa waya kwanza, kwa sababu piano yako inapigika kwa vidole kama nyingine yoyote, na watoto waanze kujifunza. Mitambo ya hewa ifuate pesa zikipatikana, na zitakuwa nyingi kuliko mlizolipa mnadani. Sharti langu ni moja. Akija fundi na chupa ya gundi nyeupe ya maseremala, mfunge mlango. Mivukuto hubandikwa kwa gundi ya ngozi, ile ya kuchemshwa, ambayo ikipata joto na unyevu inalegea ili fundi wa kesho aweze kufungua. Gundi nyeupe ikishashika, fundi huyo ataharibu mbao.

Halafu inua ule ubao mwembamba ulio mbele ya vibonyezo. Kuna vijiti vidogo vya chuma chini yake. Kimoja ni cha mwendo: ukisogeza kulia muziki unakimbia, kushoto unachechemea. Siku tulipomaliza ile ya kwanza, mzee alimwita mkewe aimbe, na kila mama alipovuta pumzi, kidole cha mzee kilirudisha kile kijiti nyuma kidogo. Nilikuwa nimesimama pale na tochi, nikaisahau ikiwaka. Hicho kijiti usikipuuze.

Mzee Fundi, salamu kutoka Kayole. Kanisa limenunua kinanda chenye mitindo yake ndani. Kijana wetu anabonyeza kidole kimoja mkono wa kushoto, ngoma, besi na gitaa zinaingia zenyewe. Baadhi ya wazee wanasema hapigi chochote, anafungulia redio, kwa hiyo asipewe hata nauli. Wewe unasemaje? – Mwalimu wa kwaya

Apewe nauli, mwalimu, na chai juu yake. Nani alikuja saa kumi na mbili asubuhi kubeba spika?

Ugomvi huo ni mkongwe kuliko kanisa lenu. Mwaka 1906 John Philip Sousa, bwana mkubwa wa bendi za matarumbeta huko Marekani, aliandika kwa hasira kwamba muziki wa mashine utawafanya watu waache kujifunza ala. Alikuwa na hoja, na pia alikuwa na mfuko wake: watengenezaji wa magombo walikuwa wanatoboa nyimbo za watu bila kuwalipa watunzi. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba gombo la karatasi si nakala ya wimbo, kwa sababu binadamu hawezi kulisoma. Fikiria! Mwaka uliofuata Bunge lao likarekebisha kwa sheria, mtunzi akawa analipwa senti mbili kwa kila gombo. Kwa hiyo wazee wako wakiuliza nani amepiga, waambie swali hilo liliwahi kufika kwa majaji na hata wao walijikwaa.

Lakini kuna jambo wazee wako wanalisikia ila hawajalipatia jina. Nilikuwa kwenye harusi moja, mama mmoja akiongoza ubeti wa tatu, sauti kama asali. Akafika mahali akaishikilia noti, akafumba macho, watu wakaanza kupaza sauti. Kinanda hakikumwona. Ngoma ziliendelea na safari yao, besi ikageuka, na mama alipofungua macho mashine ilikuwa imeshafika amina peke yake. Kijana alikuwa anatokwa jasho, hajui abonyeze nini.

Mfundishe kijana wako vitu viwili. Beti za mwimbaji mmoja azime mtindo, apige kwa mkono tu, hata kama anajua kodi tatu tu, yaani noti zinazopigwa pamoja. Mtindo arudishe kwenye kiitikio. Na ajue kile kitufe cha kugonga mwendo kwa kidole, ambacho vinanda vingi vinacho: asikilize kwaya ikianza bila ala, agonge pamoja nao mara nne, ndipo afungulie ngoma. Kwaya yenu ianze, mashine iifuate. Sasa hivi mnafanya kinyume, na ndiyo maana mama wa sauti ya kwanza wanakimbia kama wanaokwenda kupanda matatu ya mwisho.

Panya wanatafuta nini ndani ya piano? – South B

Feliti ya sufu, ya kutengenezea kiota. Wanaingilia kwenye nafasi ya kanyagio. Ziba pale kwa wavu wa chuma ulioacha njia ya kanyagio tu, na usimpe mtoto biskuti akifanya mazoezi.

Fundi, tuna mjadala shuleni. Ala ya ajabu kuliko zote duniani ni ipi? – Mwanafunzi, Buruburu

Mwanangu, inategemea unashangazwa na nini. Kama ni mitambo, kulikuwa na ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, ambao katika karne ya 9 walieleza kwa maandishi chombo cha muziki kilichoendeshwa na maji na pipa lenye vijipini. Pini ndiyo iliyoamua noti ipi ilie. Ukibadilisha pini, wimbo unabadilika. Ukiwa darasa la kompyuta, mwambie mwalimu wako hiyo ni programu.

Kampuni ya Hupfeld ya Leipzig nayo ilifungia fidla tatu ndani ya kabati, zikiwa zimesimama wima, na badala ya uta mmoja ikaweka duara la nywele za farasi linalozizunguka zote. Kila fidla ililia kwa uzi mmoja tu. Nimeisikia kwenye rekodi. Kama ufundi, navua kofia. Kama fidla, inanikumbusha mtu anayelia huku akisoma saa.

Theremini, aliyoibuni Mrusi Lev Termen karibu na mwaka 1920, huipigi kwa kuigusa. Unapunga mikono karibu na antena mbili, moja ya sauti juu na chini, moja ya nguvu. Watu huicheka. Mimi siicheki, kwa sababu kidole kikitetemeka nayo inatetemeka. Na Zadar, Kroatia, tangu 2005 kuna ngazi za mawe ufukweni zenye mabomba 35 chini yake. Mawimbi yanasukuma hewa, bahari inaimba siku nzima bila kulipwa.

Ila nikilazimishwa kupiga kura, namchagua mtunzi Conlon Nancarrow, aliyeishi Mexico City na kutoboa magombo ya pianola kwa mkono, kazi ya miezi kwa muziki wa dakika chache. Aliandika miendo ambayo vidole kumi haviwezi. Hakuitumia mashine kumwiga mtu, ndiyo maana simwonei wivu wala simlaumu.

Mzee, mimi nasomea elektroniki hapa Nairobi. Nimefunga solenoidi nane, yaani vijiti vinavyosukumwa kwa umeme, kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kila moja na uzi wake, zinaongozwa na bodi ndogo. Nimenakili wimbo wa babu kutoka kwenye simu, noti zote ni sahihi. Nilipompelekea, alisikiliza kidogo, akasema, "Huyu amekaa wapi?" akatoka nje. Nimekosea wapi? – Kijana wa Umoja

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza ya kifundi: solenoidi inasukuma, na uzi wa nyatiti unataka kukwanyuliwa. Weka ncha ya ngozi inayoteleza juu ya uzi na kuuachia. Bandika feliti mahali chuma kinapogonga chuma, maana mlio ule wa "tak" ndio babu aliousikia kwanza. Usiziache zikivuta umeme muda mrefu, zitaungua. Na siku hizi nyuzi ni za nailoni. Zikipigwa na jua zinalegea, basi tyuni pale pale utakapopiga.

Sasa swali la babu. Umehesabu nyuzi nane ukatengeneza vidole vinane. Mguu uko wapi? Mpiga nyatiti huketi chini, kwenye kigoda, ala imelala ubavu mbele yake. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye fremu ya ala, na mguuni ana njuga, gara. Nyuzi, pete, njuga, na juu yake anaimba: mtu mmoja, bendi nzima. Wewe umeleta vidole bila mwili. Mzee akauliza mwenye vidole amekaa wapi.

Usimnunulie solenoidi ya tisa ya kugonga pete. Nenda maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli ununue kile kidude chembamba cha kunasa mtetemo, ni cha bei ya soda chache, kibandike kwenye fremu pale pete inapogonga. Andika upya programu yako isiwe na mwendo wake: noti inayofuata isilie mpaka mguu ugonge. Mguu ukichelewa, nyuzi zingoje. Mguu ukikaa kimya, zinyamaze.

Kisha mpelekee tena, ukiwa umebeba kigoda chake. Mvalishe oduong'o, usimweleze kitu. Na njuga usizisahau nyumbani.