Anne Clifford na mirathi aliyoingoja miaka 38

Huyu bibi alikuwa mtoto wa nani?

Wa George Clifford, Earl (cheo cha ukabaila cha Uingereza) wa Cumberland, baharia wa Malkia Elizabeth I aliyewinda meli za Wahispania huku madeni yakimpanda kichwani. Mama ni Margaret Russell. Anne alizaliwa mwaka 1590 katika ngome ya Skipton, Yorkshire. Kaka zake wawili walifariki wangali wadogo.

Kama alibaki peke yake, mbona hakurithi?

Wosia. Baba alipofariki mwaka 1605 ilibainika kwamba ardhi amemwachia mdogo wake, Francis. Binti kaandikiwa pauni 15,000. Mama mtu akafukua hati za ukoo, akapata ya enzi za Edward II inayompa ardhi mzao wa damu, awe wa kiume au wa kike. Hoja ilikuwa na nguvu. Ila ardhi tayari ilikuwa mkononi mwa baba mdogo.

Mume wake hakumtetea?

Thubutu! Richard Sackville, Earl wa Dorset, alikuwa mcheza kamari na mfujaji wa fedha, na alichokitaka ni mkewe akubali fidia. Mwaka 1616 alimnyang'anya binti yao Margaret, ambaye hata miaka miwili hajatimiza.

Januari 1617 wakaitwa mbele ya Mfalme James I. Malkia, mke wa James, alikwisha mwonya Anne asimwamini mfalme kupita kiasi. Mfalme akawauliza wote kama watakubali uamuzi wake. Mume, ndio. Baba mdogo, ndio. Binamu, mwana wa baba mdogo, ndio. Anne akasema bila Westmorland, sehemu ya ardhi ya ukoo huko kaskazini, hakubali, na mfalme akafura kwa hasira. Tunayajua haya kwa sababu aliyaandika mwenyewe katika shajara yake. Mwishowe mfalme aliamua bila ridhaa yake: ardhi kwa baba mdogo, fedha kwa mume. Kwa maoni yangu hiyo haikuwa hukumu, ni biashara ya wanaume.

Sasa ardhi aliipataje?

Kwa kuishi. Baba mdogo alifariki mwaka 1641, na mwanawe Henry akafuata mwaka 1643 bila kuacha mtoto wa kiume. Anne alikuwa na miaka 53. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimchelewesha, akafika kaskazini mwaka 1649 na kuanza kujenga upya ngome zake: Skipton, Appleby, Brougham, Brough na Pendragon. Skipton aliruhusiwa kwa sharti moja, paa lisiweze kubeba mizinga.

Aliacha watoto?

Mabinti wawili, Margaret na Isabella, wote wa mume wa kwanza, Dorset. Wanawe wa kiume walikufa wachanga. Mume wa pili, Philip Herbert, Earl wa Pembroke, hawakuelewana, tumwache. Anne alifariki mwaka 1676, na shajara inafika hadi siku moja kabla.

Kuna kumbukumbu yake leo?

Karibu na Brougham kuna nguzo aliyoijenga mwaka 1656 mahali alipoagana na mama yake kwa mara ya mwisho, tarehe 2 Aprili 1616. Pembeni kuna meza ya jiwe. Aliagiza maskini wa pale wagawiwe pauni 4 kila tarehe hiyo, na zinagawiwa bado.